Panya Asiyepumua

Jumatatu, 10 Machi

Daktari Medard, mkuu wetu wa utafiti, anataka kila anayefanya kazi ya mwigo wa kompyuta aandike kila siku amebadilisha nini, maana baada ya mwezi mtu hakumbuki alikosea wapi. Daftari hilo ninalo, liko mezani kazini. Hili ni langu la nyumbani, na humu nitaandika hata yasiyo namba.

Mimi ni Ashatu Alawi, mzaliwa wa Kaole. Nilifundisha fizikia sekondari miaka mitatu, na tangu Januari niko kituo cha utafiti hapa Bagamoyo. Kituo kimepata mashine ya kuwapiga picha panya weupe, ukubwa wake kama friji iliyolazwa. Ndani ina pete mbili. Ya kwanza ni ya eksirei, inaonyesha mifupa na viungo. Ya pili inapokea mionzi ya sukari maalumu tunayomchoma panya kwenye mshipa wa mkia. Uvimbe wa saratani unaipenda sana sukari, kwa hiyo panapong'aa ndipo penye uvimbe. Ukizilaza picha mbili moja juu ya nyingine, unajua kinachong'aa kimo ndani ya kiungo gani.

Tunajaribu dawa ya saratani ya ini. Bila mashine ingebidi kila wiki tuue panya watano na kuwapasua tuone kama uvimbe umepungua. Kwa wiki kumi na mbili ni panya sitini. Kwa mashine, panya wale wale wanapigwa picha kila wiki na kurudi vizimbani mwao.

Tabu ni barabara. Sukari inatengenezwa Dar, na kila baada ya karibu saa mbili nguvu yake inapungua nusu. Ikitoka saa kumi na mbili asubuhi, inatufikia saa mbili. Masika yakianza, Mungu ndiye ajuaye. Kazi yangu ni mwigo, yaani kumjenga panya ndani ya kompyuta, pamoja na mashine nzima, ili tujue sukari ikichelewa kiasi gani picha bado itafaa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kidogo alfajiri. Swaumu imenishika kichwa.

Jumatatu, 17 Machi

Leo Mama Hope amenikera. Yeye ndiye mtunza panya, mama wa miaka hamsini na kitu, kwao Vigwaza. Anawalisha, anawapima, anawasafishia, na hakuna jambo kituoni ambalo hana neno nalo. Panya kabla ya kupigwa picha hunyimwa chakula saa kadhaa, basi kila asubuhi ananiambia, "Leo wewe na hawa mko kundi moja." Mwenyewe yuko kwenye Kwaresima, ananicheka huku midomo imemkauka.

Mchana kaja na ndoo yake, kasimama nyuma ya kiti changu, akamtazama panya wangu kwenye kioo cha kompyuta. Kwa kweli nilikuwa najivunia. Ana mifupa, mapafu, ini, figo, kila kimoja kwa rangi yake.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Mama Hope. Gramu ishirini na mbili."

"Mdogo. Wangu wana thelathini." Akainama zaidi. "Mbona hapumui?"

Nikacheka. Nikamwambia huyu si panya, ni hesabu. Kompyuta inarusha mamilioni ya miale, na kwa kila mmoja inapiga kura: utapita, utagonga mfupa, au utafia njiani. Kupumua si shughuli yake.

"Haya," akasema, akachukua ndoo yake. Mlangoni akaongeza, "Maiti naye hapumui."

Clever, fundi wa mashine, alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumanne, 25 Machi

Nimepata jibu! Sukari ikichelewa hata saa nne, picha ya dakika kumi bado itauonyesha uvimbe. Daktari Medard kasoma kurasa zote na ile kalamu yake nyekundu. Ni Mhaya wa Muleba, mpole wa sauti, na tangu nimjue sijawahi kurudishiwa karatasi isiyo na alama. Leo kaweka alama moja tu, koma. "Kazi safi, binti," akasema.

Nilifuturu uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, nikalala nimeshiba na nimefurahi.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimeshinda Kaole kwa mama. Pilau, biriani la shangazi, wageni wasioisha. Mama kataka nimweleze upya kazi yangu, maana majirani wanamuuliza naye anababaika.

"Natengeneza panya ndani ya kompyuta, mama."

"Panya?" Bi Arafa, mama yangu, kaweka sahani chini. "Sisi huku tunawatega usiku na mchana, wewe umesomeshwa ukawatengeneze?"

Nikamweleza habari ya dawa, na wale sitini ambao hawatauawa. Akaichukua tena sahani, akasema hilo atawaambia majirani, lakini neno panya atalipitia mbali.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Siku mbaya. Naandika yote maana najua kesho nitaanza kuipunguza kichwani.

Khamis, dereva wetu, alikwama Mapinga. Lori lilikuwa limelala upande katikati ya barabara yenye tope. Badala ya saa mbili kafika saa tano na nusu. Daktari Medard akanigeukia mbele ya wote. "Mwigo unasemaje?"

"Imechelewa saa tatu na nusu. Bado tumo ndani ya muda."

"Basi tuendelee."

Mama Hope akasema panya wana njaa tangu alfajiri, na kwamba namba kumi na moja hajapendeza leo. Nikamjibu kwamba tukiahirisha, siku nzima imepotea. Nilimjibu kwa haraka na bila kumtazama. Panya sita wakachomwa sindano, wakasubiri saa moja, wakalazwa kwa dawa ya usingizi mmoja mmoja.

Picha zilipotoka tulikusanyika kioo kimoja. Kila panya alikuwa na wingu badala ya doa. Baya zaidi, kwa wanne wingu lenyewe halikuwa kwenye ini. Lilikuwa limepanda kifuani. Kwa picha zile ungeapa kwamba wana saratani ya mapafu.

Namba kumi na moja hakuamka. Mama Hope alimweka kwenye kiganja akamsugua mgongo kwa kidole, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ningependa angenikemea.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari Medard anaamini kosa ni sukari dhaifu na mashine yenyewe. Anaandika barua kwa kamati ya maadili iliyoko Dar, kuomba turudi kwenye njia ya zamani ya kupasua. Panya sitini. Mama Hope kasikia. Ameanza kuhesabu vizimba vipya vitakavyohitajika, na anahesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu msibani.

Clever kaipima mashine siku nzima kwa vyuma na vichupa. Haina kosa hata la nywele.

Jumapili, 13 Aprili

Nimepitia mistari yote ya mwigo. Sikuona kitu. Nje mvua, ndani mvua, paa la chumba changu limepata tundu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeona.

Nilikwenda chumba cha panya kuazima mizani. Mama Hope alikuwa amemlaza panya mmoja kwa dawa ya usingizi ili amkate kucha, saa ya mkononi ameiweka mezani, na anaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Unaandika nini, Mama Hope?"

"Pumzi. Huyu sabini na mbili kwa dakika. Nikimzidishia dawa anashuka hamsini, naogopa. Nimeandika za kila panya tangu walipofika."

Nikatazama tumbo la yule panya. Lilikuwa linapanda na kushuka, na kila likipanda ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inasogea, labda milimita mbili. Milimita mbili kwangu mimi si kitu. Kwa panya ni nusu ya uvimbe wetu. Ini limeshikana na kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo kila pumzi inalisukuma na kulirudisha. Eksirei inapiga haraka na kulikuta sehemu moja. Pete ya sukari inakusanya dakika kumi, na katika dakika hizo ini limetembea mara mia saba. Ndiyo lile wingu. Ndiko kupanda kifuani.

Panya wangu alionekana vizuri hata sukari ikichelewa saa nne kwa sababu alikuwa ametulia kama jiwe. Na mtu aliniambia tarehe kumi na saba Machi, nikamcheka.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma kama nusu saa. Niliwaza kwamba barua ikienda, hakuna atakayejua. Kamati itaamini ni sukari. Mimi nitabaki na ile koma moja ya kalamu nyekundu. Nayaandika haya kwa sababu niliyawaza kweli. Halafu nikawaza vizimba sitini, nikainuka.

Daktari Medard alikuwa na barua mezani, imekwisha kusainiwa.

"Usiitume," nikasema. Hata salamu nilisahau. "Kosa si la sukari wala mashine. Ni langu." Nikamweleza lote, na la Mama Hope pia.

Alinisikiliza huku akizungusha ile kalamu. Nilitegemea kelele. Akauliza, "Umegundua saa ngapi?"

"Saa nne."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa tano. "Na mimi nilisoma kurasa thelathini nikaona koma. Sikuuliza kama anapumua." Akaichana barua mara mbili, akaitia kapuni. "Umemwambia Mama Hope?"

"Bado."

"Basi huku kwangu umekosea njia. Anza kule."

Jumanne, 15 Aprili

Jana sikuweza, alikuwa ameomba ruhusa na kuondoka mapema. Leo nimemkuta anaosha chupa za maji.

"Shikamoo, Mama Hope."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwa kicheko cha siku ile na kwa namba kumi na moja. Akaendelea kusugua chupa.

"Yule alikuwa mgonjwa," akasema mwishowe. "Huenda angekufa hata hivyo. Lakini nilisema hajapendeza, na wewe hukugeuza hata shingo. Hilo ndilo liliniuma."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Shika brashi hiyo, chupa bado arobaini."

Tukaosha zote. Akaniazima daftari la bluu, kwa masharti nisilikunje wala nisiliwekee chai juu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, kituo kimefungwa. Nimefanya kazi nyumbani, ndoo chini ya tundu la paa. Panya wangu sasa ana gramu thelathini. Ini lake linatembea. Anapumua mara sabini na mbili kwa dakika, na kila mwisho wa pumzi anatulia kidogo kabla ya kuvuta nyingine. Mama Hope ameuandika hata huo utulivu: "anapumzika kama amesahau."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Hope kaniletea bakuli la pilau, kuku na mkono wa ndizi. Alipomwona panya wa kioo anapumua, akamtazama kwa muda, kisha akaniambia nimpunguzie kasi kidogo. Nikakagua. Kweli nilikuwa nimekosea, niliweka themanini na mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Jibu jipya. Tukichukua mionzi ile tu inayotoka wakati panya ametulia kati ya pumzi na pumzi, wingu linarudi kuwa doa, tena ndani ya ini. Lakini mionzi mingi tunaitupa, kwa hiyo panya alale mashineni nusu saa badala ya dakika kumi, na nguvu ya sukari isishuke chini ya robo ya kawaida. Mama Hope kasema nusu saa ya usingizi itawapoza mwili. Clever ametengeneza kitanda chenye bomba la maji ya vuguvugu chini yake, na kipimo cha kunasa pumzi. Mama Hope kakijaribu kitanda kwa shavu lake mwenyewe.

Daktari Medard kaweka alama nyekundu kumi na tisa. Nimefurahi kuziona.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua mchana kutwa. Vyura wamehamia kibarazani.

Jumanne, 29 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya jaribio, na Daktari Medard alikuwa Dar tangu jana. Kamati ya maadili, iliyopata taarifa ya zile picha mbovu, inakaa kesho asubuhi. Bila picha hata moja nzuri, wangeamuru kupasua, na tusingekuwa na la kuwajibu.

Saa tatu kasorobo Khamis akapiga simu. "Da Ashatu, huku hakupitiki. Mto Mpiji umepanda juu ya barabara, maji yanafika kiunoni. Polisi wanarudisha magari."

"Njia nyingine?"

"Ya Mlandizi ni tope tupu. Nizunguke Chalinze nishukie Msata. Lakini ni mbali."

"Zunguka. Ukifika Vigwaza nipigie."

Nikampigia Daktari Medard. Alikuwa anasikika kama yuko ndani ya pipa. "Itafika saa ngapi?"

"Saa saba au saa saba na nusu. Itakuwa imebaki sehemu moja ya nane."

"Mwigo unataka robo."

"Ndiyo."

"Mimi siwaoni hao panya, wewe unawaona. Amua wewe, nitasimama nalo mbele ya kamati." Simu ikakatika.

Nilikaa mbele ya kioo. Panya sita, kila mmoja sehemu ya nane: wote wingu. Nikawaza, sukari ni ya panya sita, lakini hakuna aliyesema lazima ichomwe kwa sita. Watatu wangepata robo kila mmoja. Robo kamili. Ila wa tatu angengoja saa nzima wenzake wamalize mashineni, na muda huo robo ingeshashuka. Wawili, basi. Nikaendesha mwigo wa wawili kwa kila dakika ya kuchelewa. Wa kwanza anapita vizuri. Wa pili anapita.

Saa nne nikaenda kwa Mama Hope. Safari hii nilimuuliza kwanza.

"Ni wepi wawili wanaoweza kungoja na njaa mpaka mchana?"

Alifungua kila kizimba, akawashika wote sita, akawatazama macho na mkia. "Namba tisa. Na namba nne. Maji wanayo, watavumilia. Hawa wengine?"

"Wape chakula sasa hivi."

Nilimsikia anawamiminia, na anawaambia pole.

Saa tano na nusu Khamis yuko Vigwaza. Saa sita na dakika kumi Chalinze, foleni ya malori. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani. Clever alipasha kitanda mara tatu. Saa saba na dakika ishirini na tano gari likaingia getini, limepakwa tope mpaka kioo, na Khamis akashuka na kile kisanduku kizito cha madini ya risasi kinachohifadhi sukari amekishika kwa mikono miwili. "Sijasimama hata kujisaidia," akasema, akakimbia.

Mama Hope alikagua ujazo wa sindano, akasema mkia utaupokea. Alichoma yeye mwenyewe, mara moja tu kwa kila mmoja. Tukasubiri saa moja. Namba tisa akalazwa. Kwenye kioo pumzi zake zikatokea kama vilima vidogo, na Mama Hope akawa anazihesabu kwa midomo bila sauti. Sitini na nane. Sabini. Nusu saa nzima hakuna aliyekaa.

Picha ikaanza kujijenga. Kwanza eksirei, mbavu kama meno ya kitana. Kisha, chini ya mbavu, nukta ya rangi ya chungwa. Clever akazilaza picha mbili pamoja. Nukta ilikaa ndani ya ini, upande wa kulia, ina ukingo. Kifuani hakukuwa na kitu.

"Ndiyo hiyo?" Mama Hope kauliza.

"Ndiyo hiyo."

Akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Namba nne naye akatoka vizuri, doa dogo zaidi. Wote wawili waliamka, na namba tisa alianza kula kabla hata hajasimama sawasawa.

Nikazituma picha Dar kwa simu. Daktari Medard kajibu neno moja: "Nimeziona." Dakika moja baadaye akatuma tena: "Nimemwonyesha hata mhudumu wa hoteli."

Jumatano, 30 Aprili

Kamati imekubali. Panya kumi na wanane badala ya sitini. Nimempigia mama. Kasema atawaambia majirani, na safari hii neno panya atalitaja.

Alhamisi, 8 Mei

Mpiji umeshuka. Khamis kafika saa mbili kamili, akalalamika kwamba safari imekuwa fupi.

Jumatano, 21 Mei

Uvimbe wa namba tisa umepungua kwa theluthi. Wa namba nne haujapungua, na hatujui kwa nini. Daktari Medard anasema sasa ndiyo tumeanza kufanya kazi.

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Nimeanika godoro.

Leo tumemaliza ripoti, na Daktari Medard kaleta ukurasa wa mbele wenye majina ya waandishi: lake, langu, la Clever. Nikamwambia limepungua moja. Akasema watunza wanyama kwa desturi hushukuriwa mwishoni, mstari mmoja.

"Pumzi za panya wetu wote zimetoka kwenye daftari lake," nikasema. "Tukilitoa daftari, mwigo wetu ni maiti."

Hakubishana. Alichukua kalamu nyekundu akaandika jina la nne, akanipa nikachape. Mchana tukampelekea Mama Hope. Alifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akausoma ukurasa polepole kwa kidole. Kidole kikafika mwisho kikasimama.

"Mmeandika Violeti," akasema. "Mimi ni Vaileth. Vaileth Tarcis Mkude."

Daktari Medard akaomba radhi. Nilikimbia kuchapa upya. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kile kistuli chake kati ya vizimba. Akausoma tena wote, akauingiza ndani ya bahasha ya kaki iliyokwisha kuandikwa anwani ya binti yake Hope kule Dodoma, kisha akauliza kama anaweza kupata nakala nyingine, ya kubaki nayo.